Kipepeo wa chungwa si mmoja, ni wawili: mwongozo kamili wa kumtambua Hypolimnas misippus Unguja na Pemba

Kuna kipepeo mmoja kama unaishi Unguja au Pemba huwezi kunambia hujamuona, yule wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi na kipande cheupe kimepita katikati ya ule weusi, anapita polepole kama hana haraka, mara barazani, mara kondeni, mara kiwanja cha mpira, mara juu ya majani ya pwani. Ukiuliza jina lake utaambiwa ni kipepeo tu. Sasa mie leo nataka nikwambie kwamba hao wa chungwa ni wadudu wawili tofauti, koo mbali kabisa, chakula chao tofauti, viwavi wao hawafanani hata kidogo, na mmoja kati yao amemuiga mwenzake vizuri mpaka watu wanaishi miaka na miaka wanamuona na hawajui kama yupo.

Mie mwenyewe mwaka mzima nilikuwa naandika kwenye daftari langu kila wa chungwa ninayemuona kwa jina moja. Halafu vuli moja nipo kwenye konde la muhogo la shangazi yangu, upande wa Wete, nikawaona wawili wameshikana mkia kwa mkia juu ya jani, mmoja yule wa chungwa na mwengine mweusi tititi mwenye madoa meupe makubwa. Nikamwita shangazi nikamwambia njoo uone, vipepeo wa aina mbili wameoana! Hata jembe hakuliweka chini, akanambia, "Kwani jogoo na tetea wanafanana, mwanangu?" Na ndo ilivyo. Yule mweusi ndo dume, na yule wa chungwa ndo mkewe, na hao wawili ndo Hypolimnas misippus. Daftari langu lote la mwaka ule ikabidi niliandike "sina hakika", kwa sababu picha nyingi nilipiga za haraka na jambo la kuangalia sikuliangalia.

Basi hili ndo nalitaka lisikukute.

Kwanza wajue majina

Yule wa chungwa anayejulikana zaidi, mwenye rangi yake mwenyewe, anaitwa Danaus chrysippus. Alipewa jina hilo na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758. Mwigaji wake Hypolimnas misippus alipewa jina na huyohuyo Linnaeus mwaka 1764. Kiswahili hatuna jina la kila mmoja, kwa hiyo humu nitawaita Danaus na Misippus, tusichoshane. Wote wawili ukiwakunjua mabawa wanafika kama sentimita 6 mpaka 8, kwa hiyo ukubwa usikudanganye, hautakusaidia. Wala usihangaike kuhesabu miguu, nimeona watu wanafanya hivyo, wote wawili wanatembelea miguu minne na ile miwili ya mbele imekuwa midogo wameikunja kifuani.

Wapi na saa ngapi

Usiende msituni. Watu wakisikia vipepeo wanakimbilia Jozani au Ngezi, na huko wapo wengi wazuri sana, lakini Misippus ni wa mahali pa wazi, penye jua na majani mafupi. Mtafute kwenye makonde yaliyolimwa, kando ya njia, viwanja, nyuma ya nyumba penye mchanga, majani ya pwani. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi ndo wakati mzuri, jua limeshapanda lakini halijawa kali. Siku ya mawingu mazito wanajificha. Na baada ya mvua, masika ikianza kutulia au vuli ikishakolea, ndo majani yanapochipua na wao wanaongezeka, ingawa wakati mwengine pia unaweza kuwapata.

Usiwe na haraka. Simama pahala pamoja robo saa nzima, wacha wao wakuzoee, kivuli chako kisipite juu yao maana kivuli wanakikimbia kuliko mtu mwenyewe.

Anza na dume, ndo rahisi

Dume la Misippus ukiliona mara moja hulisahau. Ni jeusi, bawa la mbele lina doa kubwa jeupe katikati na jengine dogo karibu na ncha, bawa la nyuma lina doa moja kubwa jeupe la duara. Kwa hiyo kila upande matatu. Halafu pembezoni mwa kila doa kuna mng'aro wa zambarau unaokuja na kupotea kulingana na jua linavyompiga, dakika hii unauona, akigeuka kidogo haupo. Kwenye picha mara nyingi hautoki, kwa hiyo uangalie kwa macho.

Msituni kuna jamaa zake wengine wa ukoo huohuo wa Hypolimnas, weusi na weupe, ambao wao wanaiga vipepeo wanaoitwa Amauris. Hao usiwachanganye naye. Huyu wetu yupo juani, na madoa yake yana huo mviringo wa zambarau.

Tabia yake ndo inakurahisishia kazi. Dume hili linachagua pahala pake, jiwe, kijiti, au ardhi tupu, linakaa, kipepeo yeyote akipita linamfukuza, hata nyuki linamfuata, halafu linarudi palepale au hatua mbili pembeni. Kwa hiyo likiruka usilifuate. Kaa. Litarudi. Na ukishaona dume lina kituo chake kwenye konde fulani, basi jua majike hawapo mbali, na hapo ndo kazi yenyewe inapoanza.

Jike: angalia bawa la nyuma, hesabu madoa

Ukisahau yote niliyoandika humu hili usilisahau. Watu wote wanaangalia bawa la mbele kwa sababu ndo lenye ncha nyeusi na weupe, na hapo ndo walipofanana. Wewe shuka bawa la nyuma.

Danaus, katikati ya bawa la nyuma, ana madoa meusi madogo yamejipanga. Jike anayo matatu, dume anayo manne, na lile la nne la dume limevimba kidogo kwa sababu ni kifuko cha harufu, nitakuja kulieleza. Misippus hana hayo. Katikati ya bawa lake la nyuma ni chungwa tupu, safi, na ana doa moja tu jeusi juu kabisa kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ambalo mara nyingi linafunikwa na bawa la mbele akitulia. Kwa hiyo ukiona katikati pana madoa matatu au manne, huyo Danaus. Katikati pakiwa patupu, umempata Misippus.

La pili, ukingo. Ukingo wa bawa la nyuma la Danaus umeenda mviringo mzuri, mweusi na vidoadoa vyeupe ndani yake. Wa Misippus umekatwakatwa, kama meno madogo ya msumeno uliochakaa, na ule weupe ndani ya weusi umekaa kama vipande vya mwezi mwandamo. Ukiwa na simu yenye zumu nzuri hili unaliona hata akiwa hatua tatu mbali.

La tatu, kichwa na kifua. Danaus ni kama amenyunyiziwa chokaa, weusi wa kifua na kichwa una vidoa vyeupe vingi vinavyoonekana wazi. Misippus navyo anavyo kidogo lakini havitoki vile. Hii mie naitumia kuthibitisha tu, siianzi nayo.

Sasa hapa pana mtego mkubwa. Utamuona wa chungwa ambaye hana ncha nyeusi kabisa, mabawa yote chungwa na ukingo mwembamba mweusi. Mtu anasema huyu sasa wa tatu. Si wa tatu! Danaus huku Afrika Mashariki ana sura zaidi ya moja, hiyo isiyo na ncha nyeusi inaitwa dorippus na ni ya kawaida sana pande zetu hizi, na ipo nyengine ambayo bawa la nyuma limeingia weupe, inaitwa alcippus. Na Misippus, maajabu yake Mungu, ameiga mpaka hizo sura! Jike la Misippus lisilo na ncha nyeusi linaitwa inaria, na lipo pia lenye weupe bawa la nyuma. Wakati mwengine unamkuta wa katikati, ncha imeingia weusi kama moshi, si mweusi wala si chungwa. Ndo maana nakwambia ncha ya bawa isikuamulie jambo. Bila kujali sura gani, rudi kwenye madoa ya bawa la nyuma, hayo hayabadiliki.

Akiwa amekunja mabawa, utaratibu ni uleule: upande wa chini wa bawa la nyuma la Danaus yale madoa ya katikati yanaonekana, tena lile la kifuko cha dume lina weupe ndani yake. Misippus katikati pake patupu.

Mwendo

Danaus anaruka kama mtu anayetembea Forodhani jioni. Anapiga bawa mara mbili tatu, anateleza, anapiga tena. Ukimkaribia anasogea kidogo tu. Na ukimshika anajifanya amekufa, analegea, halafu ngozi yake ngumu kama ya kiatu, ndege anaweza kumdonoa akamwachia na bado akaruka.

Jike la Misippus akiwa hana wasiwasi anauiga mwendo huohuo, na anauiga vizuri kweli. Lakini mshtue. Piga hatua moja kubwa ghafla uone, hapo ile staha yote inamwishia, anaondoka kwa kasi anakata kulia kushoto. Danaus hafanyi hivyo. Mie nikiwa mbali na siwezi kuona madoa ndo naitumia hii, lakini siandiki jina kwa sababu ya mwendo peke yake.

Mimea na viwavi, hapa hakuna ubishi

Wakubwa wanaweza kufanana wanavyotaka, watoto wao hawajawahi kufanana. Hata huyo mwenye kubisha mpeleke kwenye majani.

Danaus anataga kwenye mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ile ukikata jani yanatiririka maziwa yanayonata. Mmoja mkubwa unaujua, ule wa pwani na kando ya barabara, majani mapana mazito ya kijani kinachoelekea kijivu, maua ya zambarau na nyeupe, matunda kama embe bichi lililojaa hewa, wataalamu wanauita Calotropis. (Watoto wasiucheze, utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.) Anaweka yai moja moja, mara nyingi chini ya jani. Kiwavi wake ana mistari meusi, meupe na njano kuzunguka mwili, na ana jozi tatu za nyuzi nyeusi laini zilizosimama kama pembe, mbele, katikati na nyuma. Hana miba. Pupa yake, yaani kile kifuko anachojifunga kabla ya kuwa kipepeo, ni laini, kijani au pinki hivi, inaning'inia kichwa chini na ina vidoa vinavyong'aa kama dhahabu.

Misippus yeye hana haja na utomvu. Anataka tako la hasani, lile jani la kutambaa chini, shina nene jekundujekundu lenye maji, majani madogo manene, ua la njano linalofunguka asubuhi. Linaota kila konde lililolimwa, kila ua wa nyumba, wengine wanalichuma mboga. Kaa chini kabisa, usiangalie umesimama. Kiwavi wake ni mweusi au hudhurungi iliyoiva, ana miba yenye matawi mwili mzima, kichwa chekundu cha kahawia na pembe mbili ndefu juu ya kichwa zenye miba pia. Anatisha kumtazama lakini hana sumu ya kukuunguza. Pupa yake ni nene fupi, hudhurungi, ya kukwaruza, haina dhahabu yoyote, ukiiona utadhani kipande cha jani kavu.

Kwa hiyo ukimuona wa chungwa anashuka chini, anagusagusa vijani vidogo vya ardhini, anainuka, anashuka tena, mfuate kwa macho mpaka aondoke kisha nenda ukaangalie alipogusa. Ukikuta ni tako la hasani, mara nyingi jibu umelipata kabla hata ya kuhesabu madoa.

Na hapa nina la kusema kwa wenzangu wenye makonde. Tako la hasani tunaling'oa kama gugu, na siku hizi wengine wanapiga dawa ya magugu mpaka ukingo wa njia. Sikwambii ulime na magugu. Lakini ukiacha kipande, hatua mbili kwa tatu, kwenye kona isiyokuzuia kazi, unamwachia mdudu huyu nyumba nzima.

Kwa nini jike peke yake anaiga?

Ule utomvu mweupe una sumu inayogusa moyo, kiwavi wa Danaus anaila na kuihifadhi mwilini mpaka anakuwa kipepeo. Ndege akimla anatapika, na akishatapika mara moja rangi ile haisahau. Si kila Danaus ana sumu sawa, inategemea kiwavi amekula mmea gani, lakini kwa ndege hilo halina tofauti, ameshaogopa rangi. Misippus hana sumu hiyo, yeye amevaa nguo ya mwenye sumu. Mtu aliyelieleza jambo hili kwa wataalamu ni Mwingereza Henry Walter Bates, mwaka 1862, baada ya kukaa miaka Amazon akiangalia vipepeo wa kule. Na lina sharti: waigaji wasizidi wanaoigwa, kwa sababu ndege wakikutana na wa bure wengi wataacha kuogopa. Ndo maana ukihesabu wa chungwa mara nyingi utakuta Danaus wengi zaidi, na Misippus anajificha ndani ya wingi huo.

Dume kwa nini haigi? Maelezo yanayotolewa ni kwamba jike ndo mwenye mayai, mzito, tena lazima akae chini muda mrefu akitafuta majani, kwa hiyo yeye ndo mwenye haja ya kinga zaidi. Dume lina kasi, na rangi yake nyeusi na nyeupe inamfaa kujulikana na jike na kuwatisha madume wenzake. Mie naliona ni maelezo mazuri, kwa sababu ukikaa kondeni unaviona vyote viwili kwa macho yako.

Kile kifuko cha dume la Danaus sasa. Madume hayo utayakuta yamejazana kwenye marejea, ule mmea wa jamii ya kunde, au kwenye majani makavu ya aina fulani fulani, yanakwaruza na kufyonza wakati hakuna ua. Yanachukua dawa ndani ya mmea ambayo wanaitengenezea harufu ya kumpendeza jike. Wana brashi mbili za manyoya mwisho wa tumbo, ukilishika dume taratibu utaziona zinatoka. Misippus hana habari na mambo hayo, kwa hiyo kundi la wa chungwa juu ya marejea makavu ni Danaus.

Danaus huyu ni wa zamani katika macho ya watu. Kwenye picha za kaburi la Nebamun wa Misri, ambazo sasa zipo British Museum, London, zina zaidi ya miaka 3,300, wamechorwa vipepeo wa rangi hii wakiruka juu ya mafunjo. Na Misippus yeye ni msafiri, yupo Afrika, Asia mpaka Australia, na ng'ambo ya bahari visiwa vya Karibi pia yupo.

Kuandika ulichokiona

Piga picha tatu: juu mabawa yakiwa wazi, ubavuni yakiwa yamekunjwa, na ya mmea aliotua. Andika tarehe, saa, kijiji na pahala penyewe ("konde la muhogo nyuma ya skuli" inatosha kuliko "Pemba"). Ukiziweka iNaturalist, ule mtandao wa watu kuweka picha za viumbe walivyoviona, watu wengine wanakuthibitishia, na hizo za visiwani kwetu zinahitajika maana wengi wanaopiga ni wageni wa wiki moja na wanaishia barabara ya hoteli. Kama bawa la nyuma halikuonekana andika hukuliona. Hilo nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu mwaka.

Ukitaka uhakika wote, mlee

Chukua kiwavi mmoja wa kwenye tako la hasani, si kumi. Tungi la plastiki pana, juu funga kitambaa cha chandarua, chini karatasi unayobadilisha kila siku. Majani mabichi kila asubuhi, yaliyokauka usimpe, na yaliyoota karibu na konde lililopigwa dawa usiyaguse kabisa. Mti mdogo mkavu uweke ndani wima apate pa kuning'inia. Atakula kama wiki mbili tatu, ataacha kula, atazunguka siku moja hivi kama kapotea, usiogope, anatafuta pa kujifunga. Pupa inakaa kama wiki. Wakati mwengine anatoka nzi au nyigu mdogo badala ya kipepeo, maana hao wanataga ndani ya viwavi, na hilo pia liandike. Ukitaka kuona kazi hii inafanywa kwa ukubwa, pale Pete karibu na Jozani kuna kituo cha vipepeo, wanakijiji wanafuga na kukuonesha pupa za aina nyingi.

Pupa ikianza kuwa nyeusi na rangi za mabawa kuonekana kwa ndani, kesho yake asubuhi anatoka. Akitoka mabawa yamekunjana kama kitambaa kilichorowa, usimsaidie, usimguse, anahitaji kuning'inia masaa mawili hivi yanyooke na kukauka. Hapo akiwa ametulia ndo wakati wa kuhesabu madoa kwa raha zako. Kisha lipeleke tungi palepale ulipomchukua, saa tatu saa nne jua likiwa limetoka, ondoa kitambaa, ukae pembeni.